Wadehai: Taifa Lililozaliwa na Neno Dogo



Tukifika kwenye sura ya nne ya kitabu cha Ezra, wengi wetu huiruka aya ya 9 kwa haraka. Ni orodha ya majina mazito ya watu waliomwandikia mfalme Artashasta barua ya kuwashtaki Wayahudi, ili ujenzi wa mji wa Yerusalemu uzuiwe. Karibu na mwisho wa orodha hiyo, kati ya watu wa Susa na Waelamu, Biblia nyingi za zamani zimeweka taifa ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita Wadehai. Je, hao walikuwa nani?

Kwa karne nyingi wafafanuzi waliwatafuta. Mtakatifu Yeronimo, katika tafsiri yake ya Kilatini, aliwaita Dievi. Wengine walidhani kwamba ni wale Dai, wafugaji wahamaji wa Uajemi waliotajwa na Herodotus. Lakini kila aliyewatafuta alirudi mikono mitupu, kwa maana hakuna habari nyingine inayowahusu katika Maandiko yote.

Ufumbuzi ulikuwa katika lugha yenyewe. Kitabu cha Ezra kimeandikwa kwa Kiebrania, lakini kuanzia 4,8 hadi 6,18, na tena katika 7,12-26, lugha ni Kiaramu, ambayo maofisa wa dola ya Uajemi waliitumia katika barua zao. Tena, maandishi ya kale yalikuwa na konsonanti tu. Alama za irabu ziliongezwa na walimu wa Kiyahudi, Wamasoreti, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Ezra. Walipokutana na herufi hizo katikati ya majina ya watu, walizisoma kama jina la watu: dehaye. Lakini herufi zilizoandikwa zinasomeka vizuri pia kama maneno mawili mafupi ya Kiaramu, di hu, maana yake «yaani». Basi mwandishi alisema hivi tu: «watu wa Susa, yaani Waelamu». Susa ulikuwa mji mkuu wa Elamu, na maelezo hayo yanafaa kabisa. Kodeksi ya Vatikano, nakala ya Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4, tayari inasema hapo: «ambao ni Waelamu».

Hivyo taifa zima likatoweka, na mahali pake likabaki neno moja la kuunganisha.

Wataalamu wakaanza kuyatazama upya hata majina ya mwanzo wa orodha. «Wadinai» wana herufi zilezile za neno la Kiaramu la waamuzi. «Waafarsathki» wanaelekea kuwa na cheo cha Kiajemi cha wajumbe au wakaguzi wa serikali. Mafunjo ya Kiaramu ya karne ya 5 kabla ya Kristo, yaliyopatikana Elefantine, kisiwa cha mto Nili huko Misri, yanatuonyesha ofisi za namna hiyo zikifanya kazi. Humo tunakuta hata kile cheo anachopewa Rehumu, mkuu wa barua hii ya Ezra.

Sasa tuone jambo hili linabadilisha nini. Tukisoma orodha yote kama majina ya mataifa, tunaona umati wa makabila ya kipagani ukiinuka dhidi ya taifa la Mungu, na ni rahisi kuhubiri hivyo. Tukiisoma vizuri, tunaona kwanza ofisi: mkuu, karani wake Shimshai, waamuzi, wajumbe. Hila yao ni ya karatasi: wanamkumbusha mfalme kodi atakazokosa, na wanaomba afungue kumbukumbu za baba zake.

Nyuma ya maofisa hao wako watu wa Ereki, Babeli na Susa. Aya ya 10 yasema kwamba waliletwa Samaria na Osnapari, ambaye wengi wanamtambua kuwa Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru aliyeteka na kubomoa Susa yapata mwaka 647 kabla ya Kristo. Basi Waelamu hao walikuwa wajukuu wa watu waliong'olewa kwao kwa nguvu. Wale waliokuwa wakijenga Yerusalemu nao walikuwa wametoka uhamishoni. Wahamishwa waliwashtaki wahamishwa wenzao mbele ya mtawala wa mbali. Uchungu huo hatuuoni maadamu macho yetu yanawatafuta Wadehai.

Mwaka 1943 Papa Pius XII, katika waraka Divino afflante Spiritu, aliwahimiza wafafanuzi kurudi kwenye lugha za asili za Maandiko. Aya hii moja yatosha kuonyesha sababu. Kabla ya kumhesabu mtu kati ya maadui, tulisome vema jina lake. Huenda adui mmoja katika hesabu yetu hakuwako kamwe, na huenda mwingine alibeba jeraha lilelile tulilolibeba sisi.