Hija ya Roma: Viza na Masharti ya Kuingia Italia

Wapo waamini wetu wanaoweka akiba kwa miaka mingi ili siku moja wasali kwenye makaburi ya Mitume Petro na Paulo. Akiba hiyo huweza kupotea kwa kasoro ya hati moja tu. Kwa hiyo tumeona vema kueleza masharti ya msingi yanayomhusu Mtanzania anayekusudia kwenda hija Roma.

Viza ya nchi gani?

Mji wa Vatikano ni dola huru tangu Mapatano ya Laterano ya mwaka 1929, lakini umezungukwa pande zote na Italia. Viza inayohitajika basi ni ya Italia, mojawapo ya nchi 29 za eneo la Schengen. Viza ya muda mfupi humruhusu mtu kukaa katika eneo hilo siku zisizozidi 90 ndani ya kipindi cha siku 180.

Viza hiyo hiyo hutosha kwa Lourdes na Fatima, kwa maana Ufaransa na Ureno zimo katika eneo hilo. Ombi hupelekwa kwa nchi ambamo mahujaji watakaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, hupelekwa kwa nchi watakayoingia kwanza. Lakini Medjugorje, iliyoko Bosnia na Herzegovina, na Nchi Takatifu zimo nje ya eneo hilo. Atakayekwenda huko kisha kurejea Roma aombe viza ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo atazuiliwa mpakani.

Hati zinazotakiwa

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na iendelee kuwa hai walau miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka Schengen. Bima ya safari igharimie matibabu ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Pamoja na hizo ziwepo fomu, picha, uthibitisho wa malazi na wa nauli, taarifa za benki, na ushahidi wa kinachomrudisha mtu nyumbani, kama vile kazi, biashara au familia. Barua ya Paroko hueleza kusudi la hija. Haichukui nafasi ya hati hizo.

Muda na ada

Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala lisicheleweshwe hadi zikabaki pungufu ya siku 15. Kwa kawaida uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, ila huweza kuchukua hadi siku 45. Tangu 11 Juni 2024 ada ni euro 90. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipiwa euro 45, na aliye chini ya miaka 6 hatozwi. Ombi likikataliwa ada hairudishwi, lakini mwombaji huandikiwa sababu na ana haki ya kukata rufaa.

Hata mwenye viza huweza kuhojiwa mpakani. Hati zote basi zibebwe mkononi, zisiwekwe katika mizigo ya ndege.

Ukweli katika ombi

Kuwasilisha taarifa ya benki ya kubuni, au barua ya ajira isiyokuwapo, ni ushuhuda wa uongo unaokatazwa na Amri ya Nane. Kutafuta kazi ng'ambo si dhambi, ila kuna viza yake. Anayejiunga na kundi la hija huku amekusudia kutoroka huwabebesha wenzake mzigo: mjane atakayeomba mwaka ujao kwa barua ya parokia hiyo hiyo atatazamwa kwa mashaka.

Masharti hubadilika. Kabla ya kumlipa wakala yeyote, tunawasihi muyahakikishe kwa ubalozi wenyewe, kisha mpige hesabu ya safari mkiwa na amani ya dhamiri.