Roboti Haijui Idara

Pale MIT, kile chuo cha uhandisi cha Marekani ng'ambo ya mto kutoka Boston, idara huitwa kwa namba. Uhandisi wa mitambo ni Kozi ya 2. Umeme na kompyuta ni Kozi ya 6. Mtu akikuuliza unasomea nini, unamtajia namba na mnaelewana. Ukitaka kujua roboti zilivyoingia darasani kwa njia ya timu na mashindano, anza na wivu kati ya hizo namba mbili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, somo la usanifu lililoitwa 2.70 lilianza kuwapa wanafunzi wa mitambo mfuko wa vikorokoro: springi, vijiti, raba, vipande vya plastiki. Kila mtu alipewa vitu vilevile, akaambiwa aunde mashine ya kazi moja, kisha mashine zikapambanishwa. Aliyelipa somo hilo jina ni profesa Woodie Flowers. Siku ya mashindano ukumbi ulijaa kelele, ungedhani Gor wanacheza na Ingwe. Na hiyo ni kazi ya darasani, jamani!

Watu wa Kozi ya 6 hawakuwa na sherehe kama hiyo. Mwaka 1987 mwanafunzi wao, Michael Parker, akaanzisha mashindano na kuyaita 6.270. Jina lenyewe ni uchokozi. Hayakuwa ya profesa yeyote. Wanafunzi waliyaendesha wenyewe mwezi wa Januari, wakati MIT huweka ratiba ya kawaida kando. Mwanzoni ilikuwa programu tu, zikishindana ndani ya kompyuta. Miaka michache baadaye, wakiwemo kina Fred Martin, Randy Sargent na Pankaj Oberoi, ikawa roboti zenyewe: matofali ya LEGO, mota, betri, bodi ya saketi unayolehemu kwa mkono wako, na programu unayoandika wewe. Mechi ikianza, hakuna kugusa. Roboti iko peke yake.

Sasa fikiria timu ya watu wawili watatu, saa nane usiku. Wa programu anaapa programu iko sawa. Wa gia anaapa gia ziko sawa. Roboti inasonga kidogo, inaganda, inaanza upya kama simu mbovu. Shida ni nini? Gia zinakwaruzana, mota inavuta umeme mwingi, volteji inashuka, kompyuta inajizima. Kosa la mitambo limevaa nguo za kosa la programu. Hakuna mtu wa idara moja atakayelipata akiwa amekaa kwenye kona yake, na kwa maoni yangu hapo ndipo somo lilipokuwa, kuliko kwenye kikombe.

Martin aliwatazama wanafunzi hao kwa miaka, na mwaka 1994 tasnifu yake ya udaktari ikawa juu yao. Alichokiona kinachoma kidogo. Vijana hawa wenye vichwa vikali waliandikia roboti zao amri kana kwamba dunia ni tulivu: mbele sekunde 3, kata kushoto, mbele tena. Ni kama dereva wa matatu aliyekariri kona zote za kwenda Rongai halafu akafumba macho. Gurudumu likiteleza kidogo tu, mpango mzima umeharibika na roboti haina habari. Vihisi walikuwa navyo, lakini waliviamini kupita kiasi au wakavisahau. Nani awalaumu? Hesabu za darasani zilikuwa zimewazoesha majibu yasiyoteleza.

Kazi hii ilikuwa jirani na ya Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, aliyeamini kwamba mtu hujifunza vizuri akiwa anaunda kitu. LEGO walipouza roboti zao mwaka 1998, zikitokana na utafiti wa MIT, waliziita Mindstorms, jina la kitabu chake cha 1980. Flowers naye alishirikiana na Dean Kamen kupeleka mashindano kwa shule za sekondari: timu 28, mwaka 1992, kwenye ukumbi wa michezo wa shule huko New Hampshire.

Baadaye MIT walibadilisha namba. 2.70 ikawa 2.007. 6.270 ilibaki na jina lake, ikiendelea kuchokoza namba isiyokuwepo tena.