Maji ya Mto na Maji ya Tangi

Sinema ya The African Queen, iliyotolewa mwaka 1951, yasimulia safari ya mwaka 1914 katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani: mwanamume na mwanamke washuka mto wenye hatari kwa mashua mbovu. Mwongozaji wake, John Huston, aliwapeleka wachezaji Kongo na Uganda ili msitu uonekane kuwa msitu. Hatari ikaja, lakini kwa njia ya bilauri: Katharine Hepburn, mnywaji wa maji, aliugua tumbo vibaya, Humphrey Bogart, mpenzi wa wiski, alisalimika. Mto ule uliogopwa hata picha za kuzama majini zikapigwa Uingereza, ndani ya tangi la studio. Basi sinema hii isifiwe kwa ukweli wake, lakini ikumbukwe pia kuwa mwenye kuigiza kuokoka hana budi aokoke kwanza.