Aliyeacha Sigara Akairudia: Historia ya Kujaribu Tena

Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala uji wa mtoto. Tutazungumza juu ya mtu mzima aliye nyumbani mwako, awe baba watoto, kijana wako aliyemaliza shule, au wewe mwenyewe. Aliacha sigara, watu wakampongeza, halafu siku moja ile harufu ikarudi kwenye koti.

Siku hiyo wengi wetu tunasema, "Nilijua hutaweza." Wengine tunanyamaza kwa hasira. Naye anaanza kuvutia nyuma ya choo na kutafuna peremende ili asigundulike, na habari ya kuacha haitajwi tena mwaka mzima. Kabla hujasema neno, mama, hebu tuangalie yaliyowapata wengine. Tumbaku ina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya watu waliojaribu kuacha wakarudia.

Tumbaku ni mmea wa Amerika. Wazungu waliukuta huko baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, wakausambaza Ulaya, Asia na Afrika. Watawala wengine hawakuupenda hata kidogo. Mwaka 1604 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliandika kijitabu cha kuulaani moshi. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne wa Uturuki alipiga marufuku uvutaji, na adhabu ikawa kifo. Watu waliendelea kuvuta. Hebu fikiria: mtu anajua anaweza kuuawa, na bado anatafuta pembe ya kujificha avute. Hata hivyo, kwa muda wa karne kadhaa maelezo yalikuwa yale yale unayoyasikia mtaani leo, kwamba huyo ni mtu wa tabia mbaya, hana msimamo.

Kama ni msimamo na akili tu, basi Sigmund Freud asingeshindwa. Huyu alikuwa daktari wa mjini Vienna, Austria, na ndiye aliyeanzisha njia ya kutibu matatizo ya akili kwa mazungumzo. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kwa nini watu hufanya wasiyotaka kuyafanya. Alivuta sigara zile nene za majani ya tumbaku, na kwa siku moja aliweza kumaliza 20. Katika miaka ya 1890 moyo wake ulimsumbua, na rafiki yake daktari Wilhelm Fliess akamwambia aache. Aliacha, akarudia. Aliacha tena, akarudia tena. Mwaka 1923 alipatikana na saratani ya kinywa. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30, sehemu ya taya ikaondolewa, akawekewa kifaa mdomoni ili aweze kula na kuzungumza. Aliendelea kuvuta. Alifariki London mwaka 1939. Mimi simtaji ili kumcheka. Namtaja kwa sababu msomi wa akili za watu hakuweza kuieleza tamaa iliyokuwa ndani ya kichwa chake mwenyewe, na wakati ule hakuna aliyeweza kumsaidia.

Jina la kitu kilichomshika lilikuwa limeshajulikana. Mwaka 1828, huko Heidelberg, Ujerumani, wanasayansi wawili, Posselt na Reimann, waliitenga nikotini kutoka katika majani ya tumbaku. Leo tunajua kwamba mtu akivuta pumzi moja ya sigara, nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu. Ubongo huizoea, ukaidai. Isipokuja, mtu huwa mkali, hukosa usingizi, hawezi kutulia, na hula kuliko kawaida. Mama, yale maneno makali ya siku tatu za kwanza, mara nyingi ni nikotini inayodai.

Lakini kulitambua hilo kulichelewa sana. Mwaka 1950 watafiti wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walionyesha uhusiano kati ya sigara na saratani ya mapafu. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha utafiti ukiwa bado unaendelea. Mwaka huo huo, nchini Marekani, Ernst Wynder na daktari mpasuaji Evarts Graham walitoa matokeo kama hayo. Graham naye alikuwa mvutaji wa miaka mingi. Aliacha mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini saratani ya mapafu ikamuua mwaka 1957. Hata ripoti kubwa ya serikali ya Marekani ya mwaka 1964, iliyotangaza kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu kwa wanaume, iliita uvutaji "mazoea" na kukataa kuuita uraibu. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1988 ndipo ofisi hiyo hiyo ikasema wazi kwamba nikotini hunasa mtu kama heroini na kokeini. Miaka 24 nzima! Katika miaka hiyo, wangapi waliorudia waliambiwa kwamba hawana nia?

Dalili zilikuwapo mapema zaidi. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walikusanya takwimu za watu walioacha heroini, walioacha pombe na walioacha sigara, wakachora jinsi walivyorudia mwezi baada ya mwezi. Michoro mitatu ilifanana karibu kabisa. Wengi walirudia katika miezi mitatu ya kwanza, kisha kasi ikapungua. Kwa hiyo aliyeacha Krismasi akarudia Februari amefanya walivyofanya wengi.

Msaada wa kwanza wa maana ulitoka mahali pasipotarajiwa: kwenye nyambizi, zile meli za kivita zinazosafiri chini ya maji. Mwaka 1967 Claes Lundgren wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, alimwandikia rafiki yake Ove Fernö, mtafiti wa kampuni ya dawa. Alikuwa ameona kwamba mabaharia wa nyambizi, kwa kuwa hawakuruhusiwa kuwasha sigara, walijipatia tumbaku kwa mdomo, wakatulia. Fernö, ambaye naye alikuwa mvutaji sugu, akafanya kazi kwa miaka mingi hadi akapata chingamu yenye nikotini (Big G, kama wengi wetu tulivyozoea kuita). Iliidhinishwa kwanza Uswisi mwaka 1978, na Marekani mwaka 1984. Mtu anapewa nikotini kidogo bila moshi na lami ya sigara, kisha anapunguziwa pole pole. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliweka dawa za namna hii katika orodha ya dawa muhimu. Hapa kwetu hupatikana katika baadhi ya maduka ya dawa, ingawa bei yake si ya kila mfuko. Mama mjamzito asinunue bila kuuliza kliniki.

Halafu kuna mambo yasiyonunuliwa. Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, aliwauliza waliorudia: ilikuwaje? Wengi hawakusema hamu ya sigara peke yake. Walitaja huzuni au hasira, ugomvi na mtu wa karibu, au marafiki waliokuwa wakivuta. Katika kitabu alichotoa na Judith Gordon mwaka 1985, Marlatt alitofautisha kuteleza na kuanguka. Kuteleza ni sigara moja. Kuanguka huja pale mtu anapojiambia, "Basi, nimeshaharibu," akamaliza pakiti. Aibu ndiyo inayomsukuma kutoka sigara ya kwanza hadi ya ishirini. Wahenga wetu walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele, na hawakuhitaji chuo kikuu. Nao Prochaska na DiClemente, mwaka 1983, walieleza kuacha kama safari yenye hatua, na kurudia wakakuhesabu kuwa sehemu ya safari hiyo. Utafiti wa Ontario, Canada, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba mvutaji anaweza kujaribu mara 30 au zaidi kabla ya kumaliza mwaka mzima bila sigara.

Sasa turudi nyumbani. Hasira, ugomvi, marafiki: hapa kwetu hayo yako matanga, kilabuni, steji ya matatu, na kwenye zamu ya usiku ya soja. Na sigara yenyewe haiko mbali. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika 2008, inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya kumi, na kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo kioski cha pembeni kinauza moja moja, na kiberiti kimefungwa kwa kamba hapo hapo. Anayeteleza hahitaji pesa za pakiti. Kwa sababu hiyo, usikubali mtoto atumwe sigara, hata na wageni.

Nasi wanawake tusijitoe katika habari hii. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 11.6 ya watu wazima nchini walitumia tumbaku: asilimia 19.1 ya wanaume na 4.5 ya wanawake. Wengi wa wanawake hao hawakuwa wakivuta, walitumia ugoro na tumbaku nyingine isiyo ya moshi. Nyanya mwenye kikopo chake cha ugoro anaidai nikotini ile ile, na akijaribu kuacha atasumbuka vile vile. Wako pia mama walioacha kuvuta kwa ajili ya mimba, wakarudia mtoto alipozaliwa. Ni jambo la kawaida sana: usingizi hakuna, mwili umechoka, na kila mtu anauliza habari za mtoto tu. Mama wa namna hiyo apewe usingizi kwanza, mawaidha yangoje.

Akikuambia, "Nimevuta," mwambie "Pole," kisha muulize alikuwa wapi, na nani, na kulikuwa na nini. Uliza kwa upole, kwa maana jibu lake ndilo mtakalolitumia safari ijayo. Kama ni kilabuni, Jumamosi mbili tatu za kwanza apangiwe shughuli nyingine. Kama ni ugomvi wa karo, mazungumzo ya karo yasogezwe mbele hadi zile siku tatu kali zipite. Usumbufu mwingi hupungua katika wiki mbili hadi nne. Sigara zilizobaki zitupwe siku hiyo hiyo, na siku mpya ya kuacha ichaguliwe karibu, isingoje mwaka mpya.

Umri usiwe kisingizio. Doll aliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, na mwaka 2004 alitoa hesabu: aliyeacha akiwa na miaka 60 aliongeza maisha yake kwa miaka kama 3, aliyeacha akiwa na 50 miaka 6, aliyeacha akiwa na 40 miaka 9, na aliyeacha akiwa na 30 karibu miaka 10.

Na nendeni kituo cha afya, hata bila pesa za dawa. Mwaka 1979 Michael Russell na wenzake walionyesha, katika zahanati za London, kwamba dakika chache za ushauri wa daktari, pamoja na kijikaratasi cha maelezo, ziliwawezesha kama watu 5 katika kila 100 kuacha kwa mwaka mzima. Kati ya wasioambiwa kitu hakufikia hata mmoja kwa mia. Mkifika, asifiche kwamba aliwahi kuacha. Amwambie muuguzi amejaribu mara ngapi, alidumu siku ngapi kila mara, alitumia nini, na sigara ya kwanza baada ya kurudia aliipewa na nani.