Webley-Fosbery: bastola iliyolipa teke lake kazi

Leo tuache programu kidogo, wasomaji wangu, tuitazame mashine moja ya Waingereza ambayo fundi yeyote angetamani kuifungua aone kilichomo.

Bastola ya silinda ya kawaida ina kero moja. Usipoinua nyundo kwa dole gumba, kidole cha kufyatulia kinabebeshwa kazi tatu: kuzungusha silinda, kuinua nyundo, kisha kuiachilia. Mvuto unakuwa mrefu na mzito, mtutu unatikisika, shabaha inakosewa. Nalo dole gumba likitumika kila mara, mkono unapoteza mkao wake.

George Fosbery, mwanajeshi aliyekuwa ametunukiwa Msalaba wa Victoria, aliona kuna nguvu inayopotea bure. Risasi ikitoka, bastola hupiga teke kuelekea nyuma. Kwa nini teke hilo lisifanye kazi? Alisajili uvumbuzi wake mwaka 1895, na kampuni ya Webley & Scott ya Birmingham ikaanza kuiuza bastola hiyo mwaka 1901.

Utamu uko hapa. Mtutu na silinda vinateleza pamoja kurudi nyuma, juu ya mpini. Silinda imechongwa mifereji ya zigizaga kwa nje, na pini iliyosimama mahali pamoja inapita ndani yake. Vikirudi nyuma, silinda inazunguka nusu ya hatua na nyundo inainuka. Springi ikivisukuma mbele, nusu iliyobaki inakamilika. Kidole kimebakiwa na kazi moja tu. Mimi nikiuona mchoro huo naona programu iliyoandikwa kwa chuma!

Walenga shabaha wa Bisley, uwanja maarufu wa Uingereza, waliipenda. Mwaka 1902 Mmarekani Walter Winans alipiga risasi 6 kwa sekunde 7 hivi, zote ndani ya duara la inchi 2, akiwa umbali wa hatua 12.

Jeshi, hata hivyo, halikuifanya silaha yake rasmi. Maofisa kadhaa walijinunulia wakaenda nazo Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwenye mahandaki, matope yaliingia katika ile mifereji iliyo wazi, na chuma kilichotakiwa kuteleza kikakwama. Tena ilidai mkono imara: ukilegeza kiwiko, mkono unalimeza teke na silinda inaishia njiani. Webley ya kawaida, yenye mvuto wake mzito, iliendelea kufyatua.