Lami na Nduguze: Istilahi za Barabara Tangu Makambako Hadi Songea

Barabara ya lami ya Makambako hadi Songea ilijengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Katika miaka ya 2010 lami ikaendelea kutoka Songea hadi Namtumbo, na kutoka Peramiho hadi Mbinga. Barabara imesonga mbele. Istilahi zake zimebaki nyuma.

Neno letu ni moja tu: lami. Twalitumia kwa zao la makaa ya mawe, kwa masazo meusi ya mafuta ghafi, kwa masazo hayo yaliyochanganywa na kokoto, na hata kwa barabara yenyewe. Katika mazungumzo hapana ubaya. Katika mkataba au mwongozo wa kazi, upo.

Tuchukue lami zimiminikazo bila kuchemshwa sana. Ya kwanza hulainishwa kwa mafuta ya taa, nayo hushika moto upesi. Ya pili, ambayo Hugh Mackay aliichukulia hataza Uingereza mwaka 1922, ni matone madogo mno ya lami yaliyotawanywa ndani ya maji kwa msaada wa kitu kifanyacho kazi kama sabuni. Ni mfano wa mafuta yaliyomo ndani ya maziwa. Mfasiri akiziita zote mbili "lami ya maji", msimamizi hatajua ni ipi ya kuwekwa mbali na moto, wala ni ipi ambayo mvua ya Songea ikiiwahi itaichukua hadi mtaroni. Twapendekeza ya kwanza iitwe lami ya mafuta, na ya pili emalsheni ya lami.

Kitenzi nacho chataka uangalifu. Maji yanapoachana na lami, na rangi ya kahawia ikageuka nyeusi, Waingereza husema emalsheni "imevunjika". Tukifasiri neno kwa neno, fundi atadhani imeharibika, akaimwaga. Kumbe hiyo ndiyo dalili kwamba inaanza kushika. Sisi twasema imetengana. Hapo agizo laeleweka: kokoto zitandazwe kabla emalsheni haijatengana, na magari yasiruhusiwe kabla haijashika barabara.

Istilahi hizi twazitoa zijaribiwe na walimu wa ufundi, wafasiri wa mikataba na mafundi wenyewe. Neno la kazi hupimwa kazini.