Sanduku la Matanga

Reli ya kampuni ya CFL kutoka Kabalo ilifika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mji wa hapo, Albertville, unaoitwa Kalemie tangu 1966, ukajaa watu walioacha koo zao mbali: wafanyakazi wa reli, wapagazi wa bandari, na baadaye mafundi wa kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Mgeni akifa, nani anunue sanda? Katika miji ya Kongo jibu lilikuwa mutualite: watu wa asili moja au kazi moja wanaochangia msiba wa mwenzao.

Kando yake kuna likelemba. Wote hutoa, mmoja hubeba, mwezi ujao ni zamu ya mwingine. Humo fedha hailali. Mutualite haina budi kuilaza, kwa kuwa kifo hakina zamu, na hapo ndipo historia ilipoiuma.

Juni 1967 Rais Mobutu alileta sarafu ya zaire: moja ilichukua nafasi ya franka 1,000 na ilikuwa na thamani ya dola 2. Mwishoni mwa Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa ghafla. Mipaka ilifungwa, siku za kubadilisha zikawa chache, kiasi kikawekewa kikomo. Kikundi kilichofungia michango yake sandukuni, mbali na benki, kingefanya nini? Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikarudi franka, moja kwa zaire mpya 100,000. Ukizidisha, unapata zaire za zamani bilioni 300 kwa franka moja. Mtunza hazina mwaminifu kupita wote, asiyegusa hata senti, angebaki na karatasi. Tumezoea kulaumu wezi wa vyama; mimi naona sarafu iliiba zaidi.

Vikundi vya siku hizi mashariki mwa Kongo vina tahadhari. MUSO, yaani chama cha mshikamano, hutenga sanduku la kijani kwa mikopo na jekundu kwa maafa. AVEC, chama cha kijiji cha akiba na mikopo, hufunga lake kwa kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na mzunguko ukiisha wanachama hugawana fedha yao. Wengine huweka akiba kwa dola, nayo ina masharti yake: noti iliyochanika ukingo hukataliwa sokoni, kwa hiyo mtunza hazina huikagua kwanza, ndipo aandike jina la aliyeitoa.